Hadithi za Biblia kwenye kompyuta ya zamani: barua kwa Dada Neema

Morogoro,
12 Mei

Mpendwa Dada Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Huku sote tu wazima, na Mama Baraka anakusalimu sana.

Umeuliza kama ile kompyuta mliyopewa kanisani, yenye Windows XP na ramu ya megabaiti 512, pamoja na boksi la CD za hadithi za Biblia, itawafaa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, au muiuze tu kwa wanunua vyuma chakavu. Itawafaa. Ila usianze na zile CD. Anza na programu mbili ambazo hazina hata mstari mmoja wa Biblia ndani yake, yaani PowerPoint 2003, ya kuonyesha kurasa za picha na sauti (slaidi) moja baada ya nyingine, na Tux Paint, ya kuchorea. Hadithi mtaiweka wenyewe, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwalimu ambayo watoto wameizoea.

CD nyingi za miaka ya 1990 husimulia kwa Kiingereza cha haraka haraka, na mara nyingi huongezwa mnyama wa utani ambaye hayumo katika maandiko. Mtoto wa miaka minne atarudi nyumbani akimtaja huyo mnyama, Nuhu amemsahau. Halafu kuna ule mlio wa kuchekesha unaotoka mtoto akikosea. Wakishaugundua, hawatafuti tena jibu. Wanabofya kosa makusudi ili wausikie tena.

Tuanze na mashine. Usiiunganishe na intaneti kabisa. Microsoft waliacha kuitolea XP marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na kwa watoto hawa intaneti haina kazi yoyote. Mafaili yapelekwe kwa flashi, ikaguliwe kwanza kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi. Nunua flashi isiyozidi gigabaiti 32 na uiandae kwa mfumo wa FAT32. Zile kubwa za gigabaiti 64 na kuendelea mara nyingi huja na mfumo wa exFAT, ambao XP haiusomi bila nyongeza maalum, na mtadhani flashi ni mbovu.

Kama kila mkiwasha saa inarudi miaka ya nyuma na skrini inawaambia mbonyeze F1, betri ya ubao mama imekwisha. Ni ile ya duara, CR2032, volti 3, hata fundi saa anayo. Zima, chomoa waya wa umeme, itoe, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Na tafuteni UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, hata ndogo. Si ya kuendelea na somo umeme ukikatika, ni ya kuwapa dakika chache za kuzima vizuri.

Sasa kipanya. Mtazame mtoto wa miaka mitatu akikishika: mikono yote miwili inakuwa juu yake, kiganja kinabonyeza vitufe vyote kwa pamoja, na wakati wa kubofya kipanya chenyewe kinasogea, mshale unaruka pembeni ya kile alichokusudia. Hajakosea jibu, mkono ndio umemponyoka. Kwa hiyo punguza kasi ya mshale mpaka karibu na mwisho wa upande wa polepole, na katika mipangilio ya kipanya chagua mishale ya "Windows Black (extra large)". Bandika stika nyekundu kwenye kitufe cha kushoto. Tafuteni kipanya kidogo, vile vya laptop vinafaa. Usitengeneze chochote kinachohitaji kubofya mara mbili, wala kubonyeza na kuburuta. Kuburuta ni kazi ya miaka mitano, na hata huko si wote. Kila picha ya kubofya iwe na upana wa kama robo ya skrini. Ikiwa ndogo utageuka mwalimu wa kipanya badala ya mwalimu wa Neno.

Kibodi iondoke machoni, iwekeni nyuma ya skrini. Mkitaka kuichomoa kabisa, chomoeni mashine ikiwa imezimwa, maana plagi ile ya duara haikutengenezwa kuchomolewa umeme ukiwa unapita. Mkiwasha bila kibodi, kompyuta nyingi za umri huo husimama na kulalamika. Kwenye mipangilio ya BIOS, yaani ile ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, tafuta "Halt On", weka "All, But Keyboard".

Sasa PowerPoint. Hadithi moja iwe na slaidi sita hadi nane, zisizidi. Kwa Nuhu ningeweka hizi: Nuhu na mbao, safina imekamilika, wanyama wanapanda, mvua, maji kila mahali, njiwa na jani la mzeituni, upinde wa mvua. (Mwanzo 7:2 inataja saba saba kwa wanyama walio safi, lakini kwa umri huu wawili wawili inatosha; wakifika darasa la tatu watauliza wenyewe.) Picha zichorwe na kijana wa kwenu kwa kalamu nzito kwenye karatasi, zipigwe picha kwa simu. Zile picha za kale za michongo, za karne ya 19, ni za bure na ni nzuri kwa watu wazima, ila kwenye gharika zinaonyesha watu wanakufa maji, na mtoto atakwenda nazo kitandani.

Kabla ya kuziingiza, zipunguze ziwe piseli 800 kwa 600. Picha ya simu yenye piseli 4000 kwa 3000 ikifunguliwa hula megabaiti 36 za ramu, hata kama faili lenyewe linaonekana dogo. Nane za hivyo zitaibana mashine yenu mpaka slaidi zianze kukwama. Ukiipunguza, inakula megabaiti moja na nusu hivi.

Kwenye sauti ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu. Rekodi kwa ile programu ndogo ya kurekodia iliyomo ndani ya XP. Inakubali sekunde 60 kwa mara moja, nawe unahitaji sekunde nane hadi kumi na mbili kwa slaidi. Hifadhi kama WAV, mono, hezi 22,050, biti 16. Kwa kiwango hicho kila sekunde inachukua kilobaiti 43. Sasa, PowerPoint usipoibadilisha mipangilio haimezi ndani ya faili lake sauti inayozidi kilobaiti 100, yaani kama sekunde mbili tu. Kinachozidi hapo inakikumbuka kwa anwani ya mahali faili lilipo. Ndiyo maana mtu anatengeneza somo zuri nyumbani, anahamisha faili moja kwa flashi, akifika kanisani slaidi zote ni bubu. Nenda "Tools", "Options", "General", na pale penye "Link sounds with file size greater than" andika 50000. Fanya hivyo kabla ya kuingiza sauti. Ukibadilisha baadaye, zile zilizokwisha kuingia hazibadiliki, itabidi uzitoe na kuziingiza upya. MP3 usitumie, hizo haimezi hata kidogo.

Kisha fungua "Slide Show", "Set Up Show", uchague "Browsed at a kiosk". Mtindo huu ndio unaonifanya niisifie programu hii ya zamani. Mtoto akibofya ovyo ovyo hakuna kinachotokea, wala kitufe cha kulia hakileti menyu. Slaidi inasonga pale tu anapobofya kitu ulichokipa kazi. Kumpa kitu kazi: kibofye kwa kitufe cha kulia, "Action Settings", "Hyperlink to", "Next Slide". Ukisahau slaidi moja, darasa zima linakwama hapo na njia pekee ni kitufe cha Esc, kwa hiyo pitia somo lote mwenyewe kwa kipanya peke yake kabla ya Jumapili. Jingine la kuangalia ni kwamba katika mtindo huu, mashine isipoguswa kwa dakika tano inarudi slaidi ya kwanza. Ukitaka kuzungumza na watoto kwa muda, zungumza ukiwa mwanzoni.

Ukiweka picha ya mshale kuwa ndicho kitu cha kubofya ili kuendelea, mtoto mwepesi ataibofya kabla sauti haijaisha, na simulizi itakatika katikati ya neno. Uzuie hivi: kwenye "Custom Animation" upe mshale mwonekano wa "Appear", uanze "After Previous", na uukalishe chini ya sauti katika orodha. Mshale hautaonekana mpaka msimulizi amalize. Mwisho hifadhi kama PPS, si PPT, ili faili likifunguliwa liingie moja kwa moja kwenye maonyesho.

Maswali nayo yafuate njia hiyo hiyo. Kondoo aliyepotea, Luka 15, ndiyo hadithi inayokubali kompyuta kuliko zote, maana yenyewe ni ya kutafuta. Weka kichaka, jiwe na mti. Kondoo yuko nyuma ya kichaka, mkia unaonekana kidogo. Kichaka kipe kazi ya kwenda slaidi inayofuata, ambako kondoo analia. Jiwe na mti usivipe kazi yoyote. Akikosea panakuwa kimya, anajaribu pengine. Mikate mitano na samaki wawili, Yohana 6:9, inafaa kwa kuhesabu. Daudi na Goliathi iacheni kwanza, au isimulieni kwa mdomo tu. Ukiiweka kwenye skrini wanang'ang'ania kombeo, na sehemu ya Bwana kumsaidia Daudi hawaisikii.

Tux Paint ni programu ya bure ya kuchorea. Toleo 0.9.21, la mwaka 2009, linaenda vizuri kwenye XP. Katika mipangilio yake weka skrini nzima, zuia kuchapisha, na zuia kitufe cha kutoka. Ukishakizuia, wewe utatoka kwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Uzuri wake kwa kazi yenu ni mihuri. Ndani ya folda la programu kuna "data", na ndani yake "stamps". Weka humo picha ya PNG iitwayo simba.png na sauti simba.wav yenye jina lile lile. Mtoto akichagua muhuri wa simba, anasikia mwalimu wake akisema "simba". Tengenezeni kumi na mbili tu: wanyama, njiwa, safina, upinde. Mihuri mingi inawafanya wapekue badala ya kuchora. Mchoro wa kupaka rangi nao unaweza kuwekwa kwenye folda la "starters", mistari myeusi na mahali pengine pote pawe wazi, si peupe. Rangi ya mtoto itapita chini ya mistari, na kifutio hakitaifuta safina.

Somo lenyewe: simulia kwanza kwa mdomo, dakika tano hadi saba, skrini ikiwa imezimwa. Ikiwaka, hakuna atakayekutazama wewe. Kisha watoto wanne wanne mbele ya mashine, wengine wakiwa na kalamu za rangi na mwalimu wa pili. Kila mtoto abofye slaidi moja, ampishe mwenzake. Dakika kumi kwa kundi zinatosha.

Zile CD sasa. Nyingi zitafunguka kwenye XP yenu kuliko kwenye laptop mpya ya mchungaji, kwa kuwa programu zao za kusakinisha ziliandikwa kwa biti 16, na Windows ya biti 64 huzikataa. Ikikataa hata kwenu, bofya alama yake kwa kitufe cha kulia, "Properties", "Compatibility", chagua Windows 95, rangi 256 na skrini ya 640 kwa 480. Diski yenye vumbi ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukipangusa kwa kuzungusha kitambaa, mkwaruzo utafuata njia ya data. Tengenezeni nakala ya ISO, yaani faili moja lenye diski nzima, kwa programu ya ImgBurn mapema, diski ikiwa bado inasomeka. Ila iwekeni kwanza kwenye redio ya CD, mruke wimbo wa kwanza ambao ni data na unaweza kutoa kelele. Ikipiga muziki kuanzia wimbo wa pili, ISO haitaubeba huo muziki; nakilini kwa BIN na CUE, aina ya nakala inayobeba na muziki. Wakati wa kuonyesha, zimeni spika na mwalimu asimulie mwenyewe, akijua kwamba programu haitasonga mpaka Kiingereza chake kiishe.

Niandikie majina ya CD mlizo nazo na miaka iliyoandikwa nyuma ya makasha, nikuambie zipi zijaribiwe kwanza. Slaidi za kondoo nikishazikamilisha nitampa flashi Baraka, anakuja huko mwisho wa mwezi. Msalimie mchungaji na walimu wenzako wote.

Ndugu yako katika Kristo,
Elia