Barua kwa Shabani: Milango Iliyozaliwa na Mabomba

Stuttgart, 14 Septemba

Ndugu yangu Shabani,

Salaam nyingi kutoka huku. Mimi na watoto hatujambo, baridi ndiyo kwanza inapiga hodi. Natumaini shemeji amepona mguu na mama anaendelea vizuri. Mwambie nimepokea picha ya mwembe, nimefurahi kuona bado unazaa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema kuna mteja ameleta gari la milango miwili, anataka ukate milango ifunguke kwenda juu kama mbawa, na vijana wa gereji wamekwisha shika grenda. Nikaona nikuandikie barua kabisa, maana hili halitoshi kwenye simu. Tafadhali, kabla hamjakata hata inchi moja, isome mpaka mwisho.

Jumamosi nilikwenda tena makumbusho ya Mercedes. Nimekwishakwenda mara kadhaa, na kila mara miguu inanipeleka kwa gari lile lile: 300 SL ya mwaka 1954, lenye milango inayopanda juu. Waingereza wanaliita bawa la shakwe, Wafaransa wanaliita kipepeo. Watu hupiga picha mlango ukiwa juu, wanaondoka. Mimi huinama chini, naangalia kizingiti. Siri yote iko pale, na wewe uliyekaa miaka yote hiyo kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ungeiona kabla yangu.

Lile gari halikuanza kama gari la kuuzwa. Lilianza kama gari la mbio, W194, la mwaka 1952. Wahandisi wakiongozwa na Rudolf Uhlenhaut walipewa injini ya gari kubwa la 300, lile la mawaziri, silinda sita, lita tatu, nzito kama jiwe la kusagia. Injini haikupungua uzito, basi wakapunguza kila kilichobaki. Chasi ya kawaida wakaiacha, wakajenga fremu ya mabomba membamba yaliyochomelewa kwa pembetatu, yamepangwa ili kila bomba livutwe au lisukumwe tu, lisikunjwe wala lisisokotwe. Fremu nzima ilikuwa kilo 50 hivi. Shabani, kilo 50! Ni mfuko mmoja wa saruji.

Lakini pembetatu zina masharti yake. Ili fremu isijikunje katikati, mabomba yalipaswa kupanda juu sana ubavuni, pale pale ambapo mlango unatakiwa kuwa. Unakumbuka ile Toyota Mark II tuliyokata vizingiti vyote viwili kwa pamoja kwa sababu ya kutu, bila kuweka nguzo ndani? Bodi iliinama, mlango ukagoma kufunga, tukakesha siku mbili tunairudisha kwa jeki. Uhlenhaut alilijua hilo kabla ya kukata. Bomba halikuguswa. Mlango ndio uliohama.

Na ulihama kweli. Kwenye magari ya kwanza kabisa, yale yaliyokwenda kwenye mbio za Mille Miglia kule Italia Mei 1952, mlango haukushuka hata kidogo chini ya mstari wa dirisha. Ilikuwa dirisha la pembeni pamoja na kipande cha paa, bawaba zikiwa juu katikati. Dereva alipanda ubavu na kutumbukia ndani kama mtu anayeingia kwenye ngalawa, na usukani ulivuliwa kwanza ili magoti yapite. Wakaguzi wa mashindano walinung'unika, lakini kanuni ilitaka gari liwe na milango, haikusema ifunguke upande gani. Gari la dereva Karl Kling likamaliza la pili.

Wiki chache baadaye, kwa ajili ya mbio za Le Mans kule Ufaransa mwezi Juni, walishusha mkato wa mlango ukaingia kwenye ubavu wa bodi, mpaka ulipokaribia mabomba. Hapo ndipo umbo tunalolijua leo lilipozaliwa. Ukiweka picha ya Mei na ya Juni pamoja, utadhani ni magari mawili tofauti, ingawa kilichobadilika ni mstari mmoja wa mkasi wa bati. Ule wa kwanza ni tundu la kuingilia. Wa pili ni mlango. Kule Le Mans wakashika nafasi ya kwanza na ya pili, Hermann Lang na Fritz Riess wakiwa mbele.

Kuna picha nyingine ya mwaka ule utakayoipenda. Kwenye mbio za Carrera Panamericana huko Meksiko, tumbusi alipasua kioo cha mbele cha gari la Kling, akamjeruhi msaidizi wake, Hans Klenk. Mafundi wakafunga nondo nane zilizosimama mbele ya kioo, na kwa nondo hizo wakashinda. Hakuna mchoraji aliyezibuni zile nondo, na bado leo watu wanaliita gari lile zuri. Naamini ni zuri kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka 1953 wakatengeneza gari la kumi na moja la aina ile ya mbio, la majaribio, ambalo halikushindana hata mara moja. Pua yake ilibadilika sana, ikawa fupi na kali, na Wajerumani wakalibandika jina la randa, ile ya seremala. Gia zilihamishiwa nyuma kwenye ekseli, na injini ikaacha kabureta, mafuta yakapigwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ukilisimamisha katikati ya gari la 1952 na lile la kuuzwa, sura yake inafanana na yote mawili, kama mtoto wa kati.

Gari la barabarani lilipatikana kwa sababu Max Hoffman, aliyekuwa akiwauzia Mercedes huko New York, aliwasumbua mpaka wakakubali. Lilionyeshwa New York Februari 1954. Sasa fuatana nami tulizunguke pamoja, polepole.

Boneti ina matuta mawili marefu. Injini imelazwa nyuzi 50 upande wa kushoto ili boneti iwe chini, lakini juu yake bado kulihitajika nafasi zaidi, upande mmoja. Tuta la pili limewekwa ili macho yatulie. Nilipolijua hilo nilirudi nyuma nikakaa kwenye benchi. Gari la mbio lisingebeba tuta lisilo na kazi, lakini la kuuzwa lililihitaji, kwa sababu mtu angelitazama kila asubuhi akitoka nyumbani. Juu ya matairi kuna nyusi, mikunjo mirefu ya bati, wakati ubavu wa gari la Le Mans ulikuwa mtupu, laini kama yai. Nyuma ya tairi la mbele kuna tundu la kutolea joto la injini, limepigwa mapezi mawili ya kromi. Bampa zimeongezwa. Kitasa kimezama ndani ya bati, unakibonyeza ncha moja, nyingine inatoka.

Bati nalo lilibadilika. Bodi ya mbio ilikuwa ya alumini iliyochanganywa na magnesi, nyepesi lakini laini mno, ukiliegemea linabonyea. La kuuzwa likawa la chuma, alumini ikabaki kwenye boneti, buti na milango. Milango hasa ilihitaji alumini, fikiria mtu anainua mlango wa chuma kwa mkono mmoja akiwa amevaa suti! Magari 29 tu yaliundwa kwa alumini bodi nzima. Na ile fremu ya kilo 50 ikafika kilo 82, maana sasa ilibeba vitu vya starehe na ilipaswa kudumu miaka, wala si mashindano machache.

Ndani ndiko utakakowaonea huruma matajiri wa enzi zile. Usukani hauvuliwi tena, unakunjwa kuelekea chini ili upate pa kupitisha miguu. Vioo vya mlango havishuki, unavichomoa na kuvihifadhi nyuma ya kiti, na jua likiwaka joto linabaki ndani. Buti imejaa tenki na tairi la akiba, kwa hiyo masanduku hukaa nyuma ya viti. Mwanamke mwenye gauni refu alihitaji kujifunza kuingia: unakaa kwanza juu ya kizingiti kipana, unazungusha miguu, kisha unateleza ndani. Mabomba yale yale ya 1952 bado yanamwamuru kila mtu jinsi ya kukaa.

Injini ya gari la kuuzwa ilikuwa na nguvu farasi 215, zaidi ya ile ya mbio iliyokuwa na kama 170, na hilo ni jambo la nadra. Pampu ya Bosch inayofanana na ya dizeli ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Magari hayo yaliundwa 1,400 mpaka mwaka 1957. Kisha wakaleta la wazi, lisilo na paa. Sasa ona: milango ya juu haiwezekani bila paa la kufungia bawaba, basi wakarudi kwenye fremu, wakashusha mabomba ya ubavuni na kuimarisha sehemu nyingine, na mara ile milango ikawa ya kawaida. Fremu iliporuhusu, mbawa zikaondoka siku hiyo hiyo.

Turudi kwa mteja wako. Gari lake lina kizingiti kifupi na paa la bati tupu. Uzito wote wa mlango utaning'inia katikati ya paa, mahali ambapo kwake kuna kapeti na gundi tu. Gari likibiringika, milango ya juu haifunguki, lazima aambiwe hilo kwa kinywa chako mwenyewe. Na nyumbani kwake paa la gereji lina urefu gani?

Akisisitiza, msianze na mlango. Vueni kapeti ya juu, unitumie picha ya paa kwa ndani, na vipimo vya nguzo ya kati na ya mbele, kwa milimita. Nitakuchorea fremu ya bomba inayopita juu na kushuka kwenye nguzo, uone ni kilo ngapi inaongeza na gharama yake. Halafu mwite mteja, mketi naye. Grenda ibaki kabatini mpaka hapo.

Msalimie shemeji, na yule kijana wako wa rangi.

Ndugu yako,
Hamisi