Barua kwa mwanangu: Huku Wendland

Mwanangu Neema,

Marahaba. Mimi mzima, baridi tu ndiyo imeanza kuuma. Unasema rafiki zako wamechoka na jibu lako la "mama yuko karibu na Hamburg". Basi waambie hivi: naishi Ujerumani kaskazini, wilaya ya Lüchow-Dannenberg, ambayo wenyeji huiita Wendland. Ina kilomita za mraba kama 1,220, na watu hawafiki 50,000. Treni inaishia Dannenberg. Zamani reli ilivuka mto Elbe hadi Dömitz, lakini daraja lilipigwa mabomu Aprili 1945. Matao yake ya upande wetu bado yamesimama, hayaelekei popote.

Nchi ilipogawanywa, wilaya hii ikabanwa na Ujerumani Mashariki pande tatu. Daraja la barabara la Dömitz lilirudishwa mwaka 1992 tu!

Wa kale wa huku walikuwa Wawendi, watu wa asili ya Kislavi. Lugha yao ilikufa karne ya 18, ila mkulima wa Süthen, Johann Parum Schultze, aliwahi kuyaandika baadhi ya maneno yake. Vijiji vya duara vipo mpaka leo: nyumba zote zimeelekea uwanja wa katikati, na juu ya mlango mkubwa boriti imechongwa jina la mume, la mke na mwaka wa kujenga. Mimi husimama kuyasoma, wananizoea.

Sasa lile uliloliuliza, la X za njano kwenye picha nilizokutumia. Mwaka 1977 serikali ya jimbo ilichagua Gorleben, kijiji cha huku, pawe pa kuzika taka za nyuklia ndani ya mwamba wa chumvi. Nadhani walijisemea huku pembeni hakuna wa kubisha. Wakakosea! Mwaka 1979 wakulima waliendesha matrekta hadi Hannover, mji mkuu wa jimbo, kupinga. Mwaka uliofuata waandamanaji walijenga kijiji cha mbao msituni, wakakitangaza jamhuri, na polisi wakakibomoa baada ya siku 33. Treni za taka zilipoanza kuja mwaka 1995, watu walikaa relini, wazee kwa vijana. Hiyo X ndiyo alama yao, wanaipigilia misumari hata kwenye maghala ya nyasi.

Septemba 2020 Gorleben iliondolewa kwenye orodha ya mahali panapofikiriwa kuzikwa taka hizo. Lakini makontena 113 yaliyokwisha kuletwa bado yamo kwenye jengo la kuhifadhia, yanangoja papatikane pengine.

Msalimie bibi. Ada ya muhula nitatuma mwisho wa mwezi.

Mama yako