Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana kwenye maonesho yetu. Muhula huu tumelisoma janga la Sudan la mwaka 1884 na 1885, wakati Jenerali Charles Gordon wa Uingereza alipozingirwa mjini Khartoum na jeshi la Muhammad Ahmad, aliyejitangaza kuwa Mahdi, yaani kiongozi aliyeongozwa na Mungu.

Ukifika meza ya kwanza, tunaomba usimame kidogo. Tarehe 14 Desemba 1884 Gordon alituma kikaratasi kidogo kama stempu ya posta, kikisema Khartoum ni salama. Siku hiyohiyo aliandika katika shajara yake kwamba askari wasipofika ndani ya siku kumi, mji huenda ukaanguka, kisha akaaga. Kikaratasi kingeweza kukamatwa njiani, hivyo ukweli alipewa tarishi aufikishe kwa mdomo: njooni upesi.

Meza ya pili ina vibonzo vya John Tenniel kutoka jarida la Punch la London. Kile cha 7 Februari 1885 kinamwonesha Gordon akiwapokea waliokuja kumwokoa. "Hatimaye!" ndiyo maana ya maneno yake. Kumbe Khartoum ilikwisha kuanguka tangu 26 Januari na Gordon ameuawa. Meli za msaada zilichelewa kwa siku mbili tu. Habari ilifika London tarehe 5 Februari, kibonzo kimeshatayarishwa. Wiki iliyofuata Tenniel akaichora Uingereza kwa sura ya mwanamke anayelia, amejifunika uso kwa mkono.

Mgeni Rasmi, kibonzo hicho kilitugawa darasani. Kilio chote ni cha mtu mmoja, ilhali alfajiri ile ya 26 Januari waliuawa maelfu ya wakazi wa Khartoum, watu waliokwisha kudhoofishwa na njaa. Naye Mahdi, ambaye London ilimfahamu kwa kuchorwa, alikuwa akiandika. Alimwandikia Gordon kwa Kiarabu akimtaka ajisalimishe, hata akampelekea vazi la viraka walilovaa wafuasi wake. Gordon alikataa.

Barua hizo tumezisoma kwa Kiingereza tu. Ombi letu kwako ni nakala zake za Kiarabu, pamoja na ubao wa kuzitundika kando ya vibonzo. Wapo wenzetu waliosoma Kiarabu madrasa. Wao wako tayari kutufasiria.

Naomba kuwasilisha.