Kwa Hamisi, kuhusu ule ubishi wa Wamongolia

Beijing

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam aleikum. Mimi mzima, masomo yanasonga, baridi imeanza kuuma masikio. Kazi zimenielemea na nisingeandika wiki hii, ila ule ujumbe wako wa sauti umeninyima raha. Eti Wamongolia walikuwa wachunga farasi, wangejenga nini zaidi ya hema? Na Chande namsikia kabisa anacheka pembeni. Mwambie zamu yake inakuja.

Hema walizipenda kweli. Hata Kublai Khan, mfalme wao aliyetawala China, alipokuwa na kasri, hema zilipigwa humo humo ndani ya uzio. Lakini mji huu ninaokaa umekalia ramani ya mji wake, Dadu, ulioanza kujengwa mwaka 1267. Aliyeupanga ni Mchina, Liu Bingzhong, na kwenye ujenzi wa kasri alikuwemo msimamizi Mwislamu ambaye Wachina waliandika jina lake Yeheidie'erding. Malango 11, kuta za udongo wa kushindilia, zikavikwa matete mvua isizile. Watawala wa Ming, Wachina waliowang'oa Wamongolia, walipouteka mji mwaka 1368 waliusogeza ukuta wa kaskazini ndani, ule wa zamani ukabaki nje. Ndiyo maana hadi leo kipo kituta kirefu chenye miti, wazee wanafanyia mazoezi. Ukipita bila kuambiwa utadhani ni kifusi cha mkandarasi.

Ila anayenikosesha usingizi ni Araniko. Kijana wa Nepali, hajafikisha hata miaka 20, mwaka 1260 anapelekwa Tibet akiwa kiongozi wa mafundi kama 80, kisha anafikishwa kwa Khan. Stupa yake nyeupe, yaani mnara wa ibada wa Kibudha, iliyojengwa kati ya 1271 na 1279, ipo hapa hapa mjini: mita 51 hivi, tumbo pana kama mtungi, na juu kabisa mwavuli wa shaba wenye kengele ukingoni. Nyumba za jirani ni za chini, kwa hiyo unaiona ikichomoza juu ya mapaa ya vigae vya kijivu, haifanani na kitu chochote kilichoizunguka. Mwaka 1651 watawala wa Qing, waliokuja baada ya Ming, wakajenga nyingine ya namna hiyo pale bustani ya Beihai, hapa hapa mjini.

Basi nikupe na wewe nusu pointi, usininunie. Kule mkoa wa Shanxi, hekalu la Guangsheng, mafundi wa enzi hizo waliondoa nguzo ndani ya ukumbi na kubebesha paa magogo makubwa ya mshazari, mengine hayakuchongwa vizuri hata. Wewe mtu wa kenchi ungekaa chini yake siku nzima. Watu wanasema ni mtindo wa Kimongolia. Mimi sikubali. Mafundi wa kaskazini walianza kupunguza nguzo tangu enzi za Jin, utawala uliowatangulia Wamongolia huko kaskazini, kabla Kublai hajazaliwa.

Lakini nani mwingine angemkabidhi Mnepali kazi ile? Hapo ndipo unapokosea, Hamisi. Unatafuta mkono wa Mmongolia kwenye tofali, wakati yeye kazi yake ilikuwa kuchagua fundi, na hakujali katoka wapi. Halafu lile bakuli la pombe la Khan, jiwe zima la jade la mwaka 1265, unajua baadaye lilikutwa wapi? Hekaluni, watawa wanatilia achari! Hii msomee Chande.

Sasa shida yangu. Nataka kuandika kuhusu msikiti wa Fenghuang wa Hangzhou, uliojengwa upya mwaka 1281: ndani kuba za matofali, juu yake paa za Kichina zimezifunika. Nataka kuziweka sambamba na kuba za Kilwa. Lile daftari langu la michoro ya Kilwa liko kwako bado, au ulimpa Mama Rukia? Unaweza kunipigia picha kurasa za kuba tu? Kazi ya Kibaha mliezeka? Na yule tajiri kalipa, au bado ni njoo kesho?

Wako,
Sudi