Risala ya Klabu ya Hisabati kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Prefe mkuu wa shule yetu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, jambo kwenu wote.

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali kufika huku kwetu Katuba, na tunakupa pole ya vumbi la njiani. Klabu nyingine zitakusomea orodha ndefu ya kazi zao. Sisi mwaka huu tumeshughulika na jambo moja tu, nalo halijaisha.

Lilianzia kwenye swali la mwalimu: Lubumbashi ina watu wangapi? Darasa zima tulijibu, kila mtu na namba yake. Mwalimu hakumsahihisha hata mmoja. Aliandika ubaoni 1984, akasema huo ndio mwaka wa sensa ya mwisho ya nchi yetu Kongo, ilipokuwa bado inaitwa Zaire, na waliohesabiwa walikuwa kama milioni 30.7. Katika darasa lile, Mheshimiwa, hakuna aliyewahi kuhesabiwa. Hata baadhi ya wazazi walioketi hapa leo hawajahesabiwa.

Basi hizi namba tunazosikia redioni ni makadirio, na ndani ya makadirio mna kanuni. Unachukua idadi ya kuanzia, P₀. Unachukua kiwango cha ongezeko, k. Unahesabu miaka iliyopita, t. Kisha idadi ya sasa, P, ni hii: P = P₀ × e^(kt).

Hiyo e ilitusumbua wiki mbili nzima. Tuliielewa siku mwalimu alipoacha kuzungumzia watu akazungumzia deni, kwa maana deni kila mtu analijua. Umekopa faranga 1 kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka: utalipa 2. Mkopeshaji akijumlisha riba kila miezi sita, zinakuwa 2.25. Akijumlisha kila mwezi, 2.613. Kila siku, 2.7146. Hata akikaa mlangoni kwako akijumlisha kila nukta, hatapita 2.7183. Hapo ndipo e ilipo. Na watu huongezeka kama deni la mkopeshaji huyo wa mlangoni, kwa sababu watoto hawangoji tarehe 31 Desemba wazaliwe wote pamoja. Kila saa materniti ina kilio kipya, kila saa kuna msiba mahali, na kasi ya ongezeko hufuata wingi wa watu waliopo saa hiyo hiyo.

Tukafanya hesabu. Mashine ya kuhesabia tuliyo nayo ni moja, na kitufe chake cha logi asilia, hesabu inayotendua kazi ya e, kimefutika maandishi kwa kubonyezwa, mgeni hawezi kukitambua. Tulianza na milioni 30.7, tukahesabu miaka 40 hadi 2024. Kundi la kwanza lilitumia k ya 0.030, likapata karibu milioni 102. Kundi la pili likatumia 0.033, likapata karibu milioni 115. Tukadhani wenzetu wamekosea, tukarudia mara tatu. Hakuna aliyekosea. Tofauti ya 0.003, ambayo kwenye daftari ingepita kama kosa la kalamu, imezaa watu milioni 13. Kwa k ile ya pili, idadi inajirudufu kila miaka 21. Anayeishi kwenye lupango, yaani kiwanja cha familia kadhaa, lenye bomba moja na choo kimoja hahitaji kuelezwa maana yake.

Mwalimu alitukumbusha pia kwamba kanuni hii haijui kusimama. Iache iende, itakujaza dunia. Mbelgiji mmoja, Pierre-François Verhulst, aliliona hilo mwaka 1838, akaongeza sehemu inayopunguza kasi kadiri watu wanavyokaribia kikomo. Baadaye akakadiria kikomo cha Ubelgiji kuwa kama milioni 9.4. Leo Ubelgiji ina zaidi ya milioni 11. Tulicheka, tunakiri, ila mwalimu akatuuliza sisi kikomo chetu ni kipi, tukanyamaza. Na kwa mji kama huu kuna la ziada: bei ya shaba ikipanda watu wanamiminika, ikianguka wengine wanaondoka, na k hiyo hiyo inapanda na kushuka bila mtoto yeyote kuzaliwa.

Ndipo tukaamua kuhesabu wenyewe. Tulichagua avenyu moja, yaani barabara moja ya mtaani, tukaingia lupango kwa lupango baada ya masomo. Ofisi moja ilituzungusha siku nne kwa ajili ya muhuri, tukauacha, tukaenda na chefu wa avenyu, kiongozi wa hapo. Kwenye lupango la tatu mama alituambia, “Tuko sita.” Mtoto wake aliyekuwa akiosha vyombo akaanza kuhesabu sahani kwa sauti, akafika kumi na moja. Mama alikuwa amewaacha wapangaji wa nyuma, na mdogo wake aliyetoka kijijini “kwa siku chache” tangu mwaka jana. Toka siku hiyo tukawa tunauliza usiku huu watalala wangapi.

Kazi hiyo tumeimaliza, lakini k hatujaipata. Kuipata kunataka hesabu mbili: unagawa ya pili kwa ya kwanza, unatafuta logi asilia ya jibu, unagawa kwa miaka iliyopita katikati. Sisi tunayo ya kwanza tu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tuna maombi mawili. La kwanza, mashine za kuhesabia, walau tano, zenye kitufe cha logi kinachosomeka. La pili, barua yenye jina lako, ili wadogo zetu wa darasa la chini warudi kwenye avenyu ile ile mwakani bila kuzungushwa, maana sisi tutakuwa tumeshafanya mtihani wa Serikali tukaondoka. Madaftari tumeyafunga kwa nailoni kabatini. Kila ukurasa una safu mbili; ya kulia tumeiacha wazi.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanaklabu.