Kura za walio nje ya Moldova ni kura za Wamoldova

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Rais Maia Sandu wa Moldova na siasa yake ya kuipeleka nchi hiyo katika Umoja wa Ulaya. Mwandishi wenu anashikilia kwamba wananchi waliikataa safari hiyo kwenye kura ya maoni ya Oktoba 20, 2024, na kwamba rais aliponea kwa watu waliokwisha kuhama. Mimi naishi Padova, kaskazini mwa Italia, mahali ambapo Wamoldova ni wengi, na ninafanya nao kazi ya kutunza wazee. Naomba nafasi nijibu.

Takwimu zenyewe sina ugomvi nazo. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 50.35, na tofauti kati yao na waliosema hapana haikufika kura 11,000. Ukihesabu waliopigia kura ndani ya nchi tu, hapana iliongoza kwa asilimia 54 hivi. Huku nje, takriban asilimia 77 walisema ndiyo, na kweli hao ndio waliobadilisha matokeo. Hadi hapo tuko pamoja. Tunaachana pale mwandishi anapowaita wa ndani wananchi, halafu wa nje anawataja kama wageni waliodandia shughuli isiyowahusu.

Ni akina nani hao? Moldova ni nchi ndogo. Sensa ya 2024 ilikuta watu kama milioni 2.4 tu. Wengine kwa malaki wametawanyika Italia, Ujerumani, Ufaransa, Uingereza, Romania na Urusi. Hawakuondoka kwa kuichoka nchi yao. Mishahara haikutosha, na mwaka 2014 karibu dola bilioni moja zilichotwa kutoka benki tatu za nchi hiyo, hasara iliyokuja kubebeshwa walipa kodi. Mwenzangu mmoja kazini alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwao. Leo anamwogesha bibi wa Kiitalia mwenye miaka zaidi ya tisini, anamlisha, analala chumba cha jirani usiku ili amsikie akiita.

Mwandishi wenu angefika hapa Jumapili asubuhi angewaona. Mabasi madogo yenye namba za Moldova huegesha uwanjani, na wanawake hawa, maana wengi wao ni wanawake, hupanga foleni na maboksi yaliyozungushiwa gundi ya plastiki: mafuta ya kupikia, makaroni, sabuni, dawa za presha, viatu vya mtoto. Juu ya kila boksi jina la kijiji limeandikwa kwa kalamu nene. Dereva anapima uzito, anapokea euro zake, anapakia, na kwa zaidi ya siku moja barabarani yale maboksi yanafika mlangoni kwa mama, kwa mume, kwa watoto wanaolelewa na bibi yao. Mtu anayefanya hivyo mwaka baada ya mwaka huwezi kuniambia amehama nchi yake.

Makala inatumia msemo wa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ikimaanisha kwamba aliye Italia hauonji ugumu wa maisha ya Chisinau, mji mkuu wa Moldova. Naomba tuangalie bili ya gesi basi. Tangu 2021 bei ya gesi ya Urusi ilipanda vibaya, vita vya Ukraine vikafuata, na mwaka 2022 mfumuko wa bei Moldova ulipita asilimia 30. Pensheni ya mama kijijini haikuweza kulipa gesi ya majira ya baridi. Aliyelipa ni binti aliye Padova, kwa mshahara wa kumtunza mzee wa mtu mwingine. Kunguni hao anawajua vizuri sana.

Kuna jambo ambalo makala haikuligusa, nami sitalipita kimya japokuwa halinisaidii. Chini ya Sandu, Moldova ilifungua zaidi ya vituo 200 vya kupigia kura nje ya nchi, lakini nchini Urusi vilikuwa viwili tu, vyote Moscow, ilhali Wamoldova walio Urusi ni wengi mno. Sababu iliyotolewa ni usalama. Hata kama hofu hiyo ilikuwa na msingi, na naamini ulikuwepo, hilo ni doa. Mjenzi wa Kimoldova aliye Moscow naye hutuma pesa kwao. Siwezi kuitetea kura ya Padova huku nikiinyamazia ya Moscow.

Wala siwezi kukubali picha ya kwamba kura za ndani zilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Polisi wa Moldova walisema zaidi ya watu 130,000 waliingia katika mtandao wa kulipwa fedha ili wapige kura kinyume na Ulaya, mtandao unaohusishwa na Ilan Shor, mfanyabiashara na mwanasiasa aliyehukumiwa miaka 15 jela bila yeye kuwepo, mwaka 2023, kwa wizi uleule wa benki. Kusema hivi si kuwatukana wote waliosema hapana. Gagauzia, jimbo la kusini lenye mamlaka yake ya ndani, takriban asilimia 95 walikataa, na pesa peke yake haiwezi kueleza hilo. Watu kule wanazungumza Kirusi, wanatazama habari za Kirusi, vijana wao wamezoea kwenda Urusi kutafuta kazi. Wana hofu ya kweli kwamba Ulaya itawasahau, na Sandu hajafanya vya kutosha kukaa nao na kuwasikiliza.

Kosa lake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa kuweka kura ya maoni siku moja na uchaguzi wa rais. Aliyekasirishwa na bei ya umeme alipewa karatasi mbili kwa mkupuo, na wengi walimwadhibu rais kwenye zote mbili. Lakini hata katika mchanganyiko huo watu walijua kutofautisha: yeye alipata asilimia 42 hivi kwenye duru ya kwanza, Ulaya ikapata zaidi ya nusu. Maana yake wapo waliomkataa Sandu na kuitaka Ulaya. Mpinzani wake, Alexandr Stoianoglo, naye hakuthubutu kusema anaipinga Ulaya. Aliishia kuisusia kura ya maoni. Mwandishi anayetaka kupima maoni ya umma alipaswa kuanzia hapo, badala ya kuchukua hasira dhidi ya mtu mmoja akaifanya msimamo wa taifa.

Novemba 3 Sandu alishinda duru ya pili kwa asilimia 55. Ni kweli kwamba ndani ya nchi Stoianoglo alimtangulia kidogo. Ni kweli pia kwamba zaidi ya watu 300,000 walijitokeza nje ya nchi, idadi isiyopata kuonekana, na kwenye vituo vingi foleni zilizunguka majengo. Kisha Septemba 28, 2025 chama chake cha PAS kikapata zaidi ya nusu ya kura za ubunge na viti 55 kati ya 101. Taifa limegawanyika, hilo halina ubishi. Lakini kugawanyika si kukataa.

Nimeandika kwa uchungu kwa sababu lugha ya makala ile naijua kutoka nyumbani. Mkenya aliye nje huweza kumpigia kura rais wake tangu 2013, katika nchi ambazo tume imefungua vituo. Sisi Watanzania tulio nje hatupigi kura hata moja. Viongozi wanatushukuru kwa fedha tunazotuma, wanatuita mabalozi wa nchi, na ikifika siku ya uchaguzi tunaambiwa hatujui hali ya nyumbani. Gazeti likizoea kuandika kwamba aliyeondoka si mwananchi, linampa hoja yule asiyetaka tupige kura.

Kwa hiyo nina ombi moja la wazi. Kichwa cha makala kilisema Wamoldova wameikataa Ulaya. Waliosema ndiyo walikuwa wengi kuliko waliosema hapana, na wote walikuwa raia wa Moldova kwa sheria ya Moldova. Tafadhali chapisheni sahihisho la kichwa hicho, na mweke takwimu za ndani, za nje na za jumla pamoja, ili msomaji azione mwenyewe.

Msomaji wenu,
Padova, Italia