Saa za semina zisiwe ngazi ya mwalimu mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie leseni za walimu wapya. Mimi ni mwalimu mlezi. Kila mwaka nakabidhiwa mmoja au wawili waliotoka chuoni, nikae nao mpaka leseni yao ya mwanzo ipandishwe kuwa kamili.

Mwaka jana nilikaa dawati la nyuma, daftari mapajani, mmoja wao akifundisha kujumlisha sehemu. Kila akimaliza mfano aliuliza, "Tumeelewana?" na darasa zima likaitika, "Ndiyooo!" Nikaanza kupiga vistari. Kipindi kilipoisha vilikuwa 14. Tulipokusanya zoezi, waliopata jibu la 1/2 + 1/3 walikuwa wanne. Wengi wa waliobaki waliandika 2/5, tena kwa mwandiko mzuri wa kujiamini. Sikumwambia neno, nilimwonyesha vile vistari tu. Wiki iliyofuata hakuuliza tena kama wameelewana. Aligawa vikaratasi, kila mtoto aandike jibu la swali moja kabla ya kengele, kisha akavipanga mezani mafungu matatu: waliopata, waliokaribia na waliopotea kabisa. Andalio la somo la kesho yake lilitoka kwenye fungu la tatu.

Kwangu mimi huko ndiko kukua katika kazi. Fomu ya leseni, hata hivyo, haikuwa na nafasi ya vikaratasi. Ilitaka saa za mafunzo. Basi Jumamosi mbili mwalimu huyu akaenda kukaa ukumbini, asaini asubuhi, asaini jioni, na katikati amsikilize mtoa mada aliyesoma slaidi moja baada ya nyingine huku amewapa watu mgongo. Mada yenyewe ilikuwa namna ya kuwashirikisha wanafunzi. Akarudi na cheti chenye muhuri, na hicho kikahesabiwa.

Tatizo, nionavyo, ni kwamba tunachanganya mambo mawili. Kuhuisha leseni ni kuthibitisha kwamba mwalimu aliyekwisha kuiva bado yumo kazini na anajinoa. Kwa huyo, kuhesabu saa si vibaya sana. Jimbo la Texas kule Marekani, kwa mfano, hudai saa 150 katika kila miaka mitano. Lakini kupandisha leseni ya mwalimu mpya ni kuthibitisha kwamba amekuwa mwalimu. Hilo huwezi kulijua kwa kuhesabu saa alizokaa kitini akisikiliza. Linajulikana darasani, na darasani ndiko wakaguzi wengi wa leseni hawafiki.

Wapo watakaosema walezi tutapendeleana. Kweli, na yapo mabaya zaidi ya hilo: nimewahi kumwona mlezi mwenzangu akisaini ripoti za muhula mzima kwa dakika kumi, chai ikiwa mkononi, bila kukanyaga darasani hata siku moja. Kwa hiyo mlezi naye adaiwe maandishi yake ya kila ziara, tarehe na kila kitu. Na asiwe yeye anayetoa hukumu ya mwisho. Mimi nikiwa ndiye mlezi na ndiye hakimu, kijana gani ataniambia kwamba kidato fulani kimemshinda? Atanificha, atanifundishia somo la maonyesho siku nikija, na matatizo yake yatabaki palepale. Uingereza walipobadilisha utaratibu wao Septemba 2021 walilitazama hilo: anayemlea mwalimu mpya ni mmoja, anayempima ni mwingine. Kipindi cha kulelewa kikaongezwa kutoka mwaka mmoja hadi miwili, na vipindi vya mwalimu mpya vinapunguzwa kwa asilimia 10 mwaka wa kwanza na asilimia 5 mwaka wa pili, ili apate muda wa kuketi na mlezi.

Kwetu sisi, na shule nyingi nilizozijua ni hivyohivyo, mwalimu mpya hupewa ratiba iliyojaa, darasa ambalo wakongwe wamelikwepa, na juu yake michezo ya jioni. Kisha anaambiwa atafute saa za mafunzo kwa muda wake, mara nyingi kwa pesa yake. Kenya mwaka 2021 Tume ya Utumishi wa Walimu ilipozindua mafunzo ya lazima yaliyofungamanishwa na kuhuisha cheti cha kufundishia, kelele kubwa ya walimu ilikuwa hapo hapo: ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka itoke mfukoni mwa nani? Ni swali la haki kabisa.

Japani ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mwaka 2009 walianza kuwataka walimu wahuishe leseni kila miaka 10, kwa kozi ya saa 30 waliyoilipia wenyewe. Wapo waliosahau tarehe tu, leseni ikafa na kazi ikaenda nayo, ingawa hakuna aliyewalalamikia ufundishaji wao. Shule zikiwa tayari zinahangaika kupata walimu, Julai 2022 utaratibu huo ukafutwa. (Mimi huwaambia vijana wangu waandike tarehe ya mwisho ya leseni ndani ya jalada la daftari la maandalio, waione kila siku. Fomu haina huruma na mtu msahaulifu.)

Ninachoomba kwa wanaotunga masharti haya ni nafasi moja katika fomu ya mwalimu mpya: kazi ya darasani iliyoshuhudiwa, pamoja na kitu alichokibadilisha baada ya kushuhudiwa, na ipewe uzito kuliko cheti cha kuhudhuria. Mwajiri naye apunguze vipindi, kwa maandishi, si kwa ahadi ya mdomo.

Yule mwalimu wa sehemu alijaribu kuambatanisha vikaratasi vyake kwenye maombi. Karani akavichomoa, akamrudishia, akasema havihitajiki. Sasa vimo kabatini kwangu ndani ya bahasha, pamoja na daftari lenye vistari 14. Siku fomu mpya ikitungwa, nitavileta mwenyewe.

Wako,
Mwalimu mlezi